Sukari ya Msiba

Katika kijiji chetu, miaka ile, sukari ilikuwa na njia mbili za kuingia nyumbani kwa mtu: aolewe mtu au afe mtu. Njia ya tatu ilikuwa kuwa mgeni wa serikali, lakini hiyo haikutuhusu, maana sisi tulikuwa wenyeji.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukiwa na harusi au msiba, unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anathibitisha kwamba shughuli ipo kweli, anakuandikia kibali, unakipeleka duka la kijiji, na muuza duka anakupimia kutoka kwenye gunia lililokaa nyuma yake. Harusi zilianza kutiliwa shaka mapema, kwa sababu watu walikuwa wanaoa ovyo. Kuna mzee mmoja alimwoa mkewe yuleyule mara mbili kwa msimu mmoja. Msiba haukuhitaji maelezo mengi. Nani atasingizia kifo? Kwetu kumtajia mtu habari za kufa kwake ni uchuro, na mwenye uchuro huogopwa kuliko mwizi.

Mimi nilizaliwa Dindira, milimani, katikati ya chai. Watu wakisikia hivyo hudhani tulikunywa chai nzuri. Tulikunywa maji ya moto yenye rangi kama watu wengine. Majani yenyewe yalishuka na lori kwenda kwa wenye sukari ya kutia. Tulichokuwa nacho ni maji. Yalitoka kwenye mwamba, baridi na safi, masika na kiangazi, na hakuna aliyewahi kuyapangia foleni. Nilidhani ndivyo maji yalivyo duniani kote, mpaka nilipoolewa Handeni.

Mume wangu alikuwa Mzigua wa upande wa Kwaluguru, mkata mkonge katika shamba moja la Korogwe. Alikaa huko kambini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mama yake. Mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane wa siku nyingi, mwenye kauli. Alinipokea kwa kuniambia kwamba Wasambaa hufundishwa kupanda mlima tu, na kwa kuwa huku hakuna mlima, nitakuwa na nafasi nyingi ya kulima. Nilimwogopa kwa muda mrefu. Baadaye nikampenda, bila kuacha kumwogopa.

Tulikuwa tumehamishwa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa bondeni, peke yake, karibu na kijito ambacho hata mwezi wa pili kilikuwa na kitu. Lori lilikuja likambeba yeye, mimi, kinu, vitanda na kuku, likatushusha kando ya barabara, mahali palipopimwa kwa kamba. Nyumba zilikaa mstari, mlango ukitazama mlango, ili huduma zitufikie kwa urahisi. Huduma zilizotangulia kufika zilikuwa bendera, duka, na zahanati ya vyumba viwili. Maji yalikuwa njiani. Wakati tukiyasubiri tulichota lambo, ambalo tulishirikiana na ng'ombe wa Wamasai. Kulikuwa na zamu, watu asubuhi na ng'ombe jioni, lakini ng'ombe hawakuwa wamehudhuria ule mkutano.

Katika mstari, nyumba iliyotufuata ilikuwa ya mwanamke wa rika langu. Wazazi wake walitoka kusini zamani kuja kukata mkonge, wakazaa hapa, wakafia hapa, na yeye aliongea Kizigua vizuri kuliko mimi. Alikuwa Mkristo na mkwe wangu alikuwa Mwislamu wa sala tano, lakini kuta za udongo zinapokaribiana hivyo dini husikika kama kikohozi, unazoea. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa miaka kama mitatu, mwenye mashavu. Kila asubuhi mtoto huyo alivuka kuja kula kwetu, kwa sababu mkwe wangu alikuwa akiwahi kuwasha moto. Mkwe wangu alimwita mke mwenzangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, na kumlaumu mbele za watu kwamba amemwachia kazi zote za mume. Mtoto alijibu, "Sitaki mume, nataka kiporo." Huo ulikuwa utani wao na haukuchoka.

Kipindupindu tulikisikia kwanza kwenye redio ya katibu wa kijiji. Mkwe wangu alisema jina lenyewe linaonyesha kwamba ni mapinduzi ya tumbo, na mapinduzi yoyote yakija, aliye chini ndiye anayeangukiwa. Nilimwambia anyamaze, redio ilikuwa karibu.

Halafu ikaitishwa mikutano. Bwana Afya alikuja kutoka wilayani na wakubwa wengine, wakakaa nyuma ya meza yenye kitambaa, wakaletewa chai. Sisi tulikaa chini, tukawatazama wakikoroga. Bwana Afya alieleza vizuri. Alisema ugonjwa huu ulianzia mbali sana, upande wa Asia, ukapanda meli, ukapanda ndege, ukatembea nchi baada ya nchi, na sasa umefika. Mtu mmoja akauliza kama Ulaya nako ulifika. Bwana Afya akajibu kwamba ulifika, lakini haukupata pa kukaa, kwa sababu kule kila nyumba ina bomba. Tukapiga makofi. Sijui kwa nini. Nadhani tulikuwa tunawapongeza.

Tuliambiwa tuchemshe maji. Tuliambiwa tunawe kwa sabuni, na wakati huo sabuni nayo ilikuwa njiani pamoja na maji. Tuliambiwa hakuna kuuza chakula barabarani. Na tuliambiwa kwamba atakayekufa kwa kipindupindu hataoshwa na ndugu zake wala hakutakuwa na matanga: watakuja watu wa Bwana Afya na bomba la kupulizia dawa, watamfukia wao. Hapo ndipo watu waliponung'unika. Kuugua walikuwa tayari kuugua, lakini kuzikwa kama mzoga hapana.

Barabara ya Korogwe ikawekwa kizuizi. Huwezi kupita bila cheti cha sindano, na sindano zilikuwa zinapatikana upande wa pili wa kizuizi. Ndugu yangu mmoja aliyekuja baadaye alinisimulia kwamba Mombo, ambako watu wanaishi kwa kuwauzia abiria, wauzaji waliweka vikapu chini na mabasi yakapita madirisha yamefungwa, abiria wakiwatazama kana kwamba wao ndio ugonjwa. Gari dogo la mkubwa likija kwenye kizuizi, gogo liliinuliwa. Ilionekana vijidudu havipandi gari dogo. Kule shambani kwa mume wangu, kambi ya wakata mkonge ilifungwa, asiingie mtu asitoke mtu. Nyumba za wakubwa wa shamba, zenye bomba lao, hazikufungwa, kwa kuwa hazikuwa na mgonjwa. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine, bila mume kurudi.

Tulikuwa nchi isiyo na matabaka. Hilo tulifundishwa jioni, kwenye elimu ya watu wazima, nami nilikuwa nikiliandika vizuri ubaoni. Nataka kusema kwamba niliamini, na bado sioni aibu. Ni kipindupindu tu kilichokuwa hakijui kusoma.

Mkwe wangu aliugua asubuhi. Kwanza alisema ni kisamvu cha jana. Alikwenda uani mara ambazo heshima hainiruhusu kuzitaja, na ilipofika saa sita hakuweza kwenda tena. Macho yalikuwa yamezama, sauti imekauka, na vidole vimejikunja ngozi kama mtu aliyefua kutwa. Alikuwa anatoka maji kama maji ya mchele. Nilikimbilia zahanati. Vyumba vyote viwili vilijaa, wengine walilala nje kwenye majamvi. Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa watu, hajalala. Akaniambia chupa za kutundikia zimekwisha, zimeagizwa, ziko wilayani. Nikamuuliza nifanye nini.

"Mnyweshe maji yaliyochemka, tia chumvi kidogo na sukari," akasema. "Anywe, atapike, anywe tena. Akinywa sana atapona. Wengi wanapona."

"Na asipokunywa?"

Akanitazama. "Chumvi unayo?"

"Ninayo."

"Haya. Tafuta sukari."

Nikaenda dukani. Ndani kulikuwa na mpini wa jembe, viberiti, na lile gunia. Nilimwambia muuza duka nataka sukari ya mgonjwa.

"Kibali?"

"Ni ya dawa."

"Dawa ni zahanati."

"Zahanati wamenituma kwako."

"Sukari ni kibali," akasema, akageuka kulitazama gunia kana kwamba lingemsaidia kunieleza.

Balozi wetu alikuwa mzee mpole, mtengeneza baiskeli katika kijiji chenye baiskeli tatu. Nilimkuta amekaa na gurudumu mapajani. Nilimwamkia, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, na nina hakika alisikitika kweli.

"Mwanangu," akasema, "ugonjwa haumo. Harusi imo. Msiba umo. Nikikuandikia ugonjwa, kesho kijiji kizima kitaumwa."

Kijiji kizima kilikuwa kinaelekea kuumwa hata bila kibali, lakini sikuwa na nafasi ya kubishana. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Jirani yangu alikuwa amekaa na mgonjwa, anamfuta midomo. Nilimweleza mkwe wangu yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kufichwa.

Alifumba macho hata nikaogopa. Kisha akasema, kwa sauti iliyobaki:

"Msiba umo?"

"Umo, mama."

"Basi nenda kaseme nimekufa."

"Mama! Uchuro huo!"

"Uchuro ni ukisema wewe. Mwenyewe nikisema ni taarifa. Nenda."

Amri ya mama mkwe haina rufaa. Nilifunga kanga ya pili kiunoni, nikaenda kwa balozi mara nyingine. Njia ni ileile lakini miguu haikutaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgonjwa vipi?"

"Amefariki."

Balozi aliweka gurudumu chini, akavua kofia, akasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Halafu akakumbuka kazi. "Kwa ugonjwa huu huu?"

Nilijua nikisema ndiyo hakuna matanga, na pasipo matanga hakuna sukari, tena watakuja wale wa bomba la dawa, na kwa jinsi walivyokuwa na haraka wangeweza kumfukia akiwa anawatukana.

"Presha," nikasema.

"Presha. Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ameniambia niwahi."

Nilijiuma ulimi, lakini neno limeshatoka. Balozi alinitazama, na kalamu yake ikasimama hewani.

"Amekuambia uwahi."

"Kabla ya kufa, mzee."

"Alikuwa mtu wa mipango," balozi akasema, akaandika.

Nilirudi na sukari nimeikumbatia. Maji yalishachemka, jirani alikuwa ameyatunza. Mganga alikuwa amesema maji yapimwe kwa chupa ya bia, kwa sababu ndiyo chupa ambayo kila kijiji kinayo, na kweli tulikuwa nayo moja ya kutilia mafuta ya taa ya mgeni. Tuliiosha kwa majivu mpaka ikang'aa. Nilipomsogezea, mkwe wangu alifumba mdomo.

"Leo nimeshakufa mara moja," akasema. "Nife tena na chupa ya bia mdomoni? Malaika watasemaje?"

Nikaenda kumimina kwenye kata uani, nikarudi. Akanywa. Akatapika, akanywa tena. Jirani alishika kichwa, mimi nilishika kata, na yule mtoto alikaa mlangoni akituuliza kwa nini mke mwenzake anakunywa sukari peke yake. Jirani alimwambia ni dawa. Mtoto akasema hata yeye anaumwa. Tukamfukuza, tukicheka.

Kitu ambacho sikukipangia ni waombolezaji. Balozi alikuwa ametangaza, ndiyo kazi yake. Alasiri nikasikia vilio vinakuja kwa mstari, kama kijiji kilivyopangwa. Nilisimama mlangoni, na huko ndani mkwe wangu alikuwa anasikiliza.

"Nani huyo anayelia kwa pua?" akaniuliza kwa kunong'ona.

Nikamtaja.

"Mnafiki. Na dada yake?"

"Hajaja."

"Haya."

Wanawake waliketi uani. Nilikuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza mmojammoja, wakafika wanaume na majembe. Mzee mmoja, shemeji wa marehemu, alisogea dirishani akauliza kwa adabu kama marehemu aliacha neno lolote juu ya mahali pa kuzikwa.

Kutoka ndani ikajibu sauti: "Nilazeni hapa hapa nilipo, na mniongezee maji."

Mzee aliacha jembe. Wanawake wawili waliruka ua wa mabua ambao mimi kijana sijawahi kuuruka. Walipotulia na kuchungulia na kuona hali ilivyo, wengine walicheka mpaka wakakaa chini, wengine walikasirika wakasema tumemchezea Mungu. Lakini hakuna aliyekwenda kusema. Kila mmoja alitazama kile kifuko cha karatasi pale juu ya kinu, akafahamu. Yule aliyelia kwa pua aliniuliza kwa upole, "Imebaki kiasi gani?"

Mkwe wangu alipona. Siku chache baadaye alikuwa amekaa kwenye jamvi, mwembamba kama fito, akipokea wageni na kuwauliza walisema nini alipokuwa amekufa. Na sukari ilibaki kidogo, kiasi cha kikombe. Tuliifunga, tukaining'iniza juu, mbali na sisimizi.

Kijiji cha mstari hakina siri. Katibu alikuja kupata habari, akamwita balozi, akamsema mbele ya watu wadogo kwake. Ikatoka amri: kuanzia sasa balozi hataandika kibali cha msiba mpaka aone maiti kwa macho yake. Juma hilohilo ulikuja ujumbe kutoka wilayani kuangalia hali ya ugonjwa. Waliangalia. Walikaa nyuma ya ile meza, wakanywa chai, wakasikitika, wakaongezewa chai. Niliwaona nikitoka lambo. Sikusimama, nilikuwa na ndoo kichwani.

Mtoto wa jirani aliugua baada ya wao kuondoka. Jirani alikuja naye mikononi, yale mashavu yameshaanza kushuka, na kabla hajafungua mdomo mkwe wangu alikuwa amesimama kwa kushika ukuta.

"Ile ya juu," akaniambia. "Mpe mke mwenzangu yote."

Tulimpa yote. Mtoto alikunywa vizuri kuliko mtu mzima, maana ilikuwa tamu. Alinyoosha mkono mwenyewe kudai kata. Kufikia jioni akatulia, akatambua watu, akamwita mke mwenzake. Nililala nikijua amepona. Alfajiri sukari ilikuwa imekwisha, na kuharisha kukarudi.

Mtoto tulimwachia mkwe wangu, nikaenda na jirani kwa balozi. Alikuwa amekaa palepale, gurudumu lilelile.

"Mtoto yu hai?" akauliza.

"Yu hai," jirani akasema.

"Basi sina la kuandika, mama. Nimeambiwa nione kwa macho."

Jirani alifungua mdomo. Nilijua anachojaribu kukisema, na hakikuweza kutoka. Mtu mzima anaweza kujichuria mwenyewe, lakini mama hawezi kumtamkia mtoto wake kufa, hata kwa uongo, hata kwa sukari. Nami ningeweza kusema kwa niaba yake, lakini ingesaidia nini? Balozi angesimama, angevaa kofia, angekuja kutazama. Tulikwenda dukani. Muuza duka alituona tunakuja akafunga dirisha, nilisikia komeo. Tulikwenda kwa katibu, tukaambiwa yuko kwenye kikao cha ugonjwa. Tulikwenda zahanati, mganga akatupa maji ya chumvi matupu, tukampelekea mtoto, akayatema, akageuza uso. Kizuizi kilikuwa Korogwe, na dripu zilikuwa wilayani. Na sukari ilikuwa hatua chache kutoka pale tuliposimama, ndani ya gunia, inasubiri mtu afe.

Akafa. Ilikuwa adhuhuri, mapajani kwa mkwe wangu, kwa sababu mama yake alikuwa amekwenda kuchota maji mengine.

Balozi alikuja. Aliinama, akaona kwa macho yake kama alivyoambiwa, na alikaa ameinama muda mrefu. Kisha akatoa karatasi akaiandikia gotini. Nilisoma juu ya bega lake. Kwenye sababu ya kifo aliandika presha. Mtoto wa miaka mitatu. Nadhani alitaka azikwe na watu wake, asipuliziwe dawa, na alitaka apewe haki yake yote. Hata leo siwezi kumchukia yule mzee, nami nimejaribu.

Sukari ilifika kabla kaburi halijaisha kuchimbwa. Muuza duka aliileta mwenyewe, kilo mbili kamili, akaiweka kwenye jamvi katikati ya wanawake, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyeigusa. Wanawake walilia, na wakipumzika kulia waliitazama. Mkwe wangu aliyekuwa hodari wa kusema alikaa pembeni yao. Alikuwa amejifunika kanga uso mzima, na mabega yalikuwa yakitikisika. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata alipokuwa anakufa mwenyewe.

Baada ya maziko jirani alisema, bila kumtazama mtu, "Nani ana mgonjwa?"

Wanawake waliendelea kuitazama ile sukari.

"Nauliza nani ana mgonjwa nyumbani. Chukueni. Chai ya nini?"

Wakajitokeza, wanaona haya. Tuliwapimia kwa kijiko, kila mmoja akafunga yake kwenye pindo la kanga. Nyumba kadhaa zilipona kwa sukari ile. Nawajua watu, wengine leo ni wazee wenye wajukuu. Na alipokufa mwingine, wafiwa wakafanya vivyo hivyo, ikawa desturi mpaka ugonjwa ulipoondoka: sukari ya aliyekufa inakwenda kwa anayeumwa. Hatukuambiwa na mtu. Huo nao ulikuwa ujamaa, na ndio peke yake niliouona ukifanya kazi bila mkutano.

Mvua zikaja, ugonjwa ukahama, kizuizi kikaondolewa. Mume wangu akarudi, amekonda, na habari zake za kambini ambazo hakuwahi kunisimulia zote. Mkwe wangu aliishi miaka mingi. Jirani alikaa muda mrefu bila kupata mtoto, halafu akapata wa kiume, na mimi nilikuwa na wangu wa rika lake, kwa hiyo tulikuwa tukienda kliniki pamoja.

Siku moja kliniki alikuja nesi mpya, msichana mwenye sauti nzuri, na picha kubwa ya kubandika ukutani. Akatufundisha juu ya kuharisha. Alisema mtoto akiharisha msimnyime maji. Akasema kama hamna dawa ya pakiti na hamna sukari, msihangaike: pikeni uji mwepesi wa kunyweka, tieni chumvi kidogo, mpeni. Unafanya kazi ileile. Wataalamu wamechunguza wameona unafaa, pengine kuliko sukari.

Nilikaa pale kwenye benchi nikilirudia neno moja. Uji. Yule mganga kijana alitufundisha alichofundishwa, na waliomfundisha walifundishwa na watu wengine, huko mbali, watu ambao kwao sukari ni kitu kilicho kabatini, unanyoosha mkono tu. Hakuna katika mlolongo wote huo aliyewaza kwamba kuna mahali chumvi ipo, moto upo, na sukari ina balozi. Nilikasirika, na nimeendelea kukasirika, na sijapata bado mtu wa kumkasirikia.

Maana mwaka wa kipindupindu kila nyumba ilikuwa na unga. Ulikuwa unga wa msaada, wa njano, umekuja kwa meli kutoka nje, watu wakaupa jina la timu ya mpira kwa rangi yake. Tuliusema sana. Tulisema unanuka, tulisema ni wa ng'ombe. Kwa jirani ulikuwa umejaa debe.

Wanawake wengine walikuwa wanatikisa kichwa kukubali somo. Jirani yangu alinyoosha mkono kama shuleni.

"Hata unga wa njano?" akauliza.

Nesi hakuelewa kwa nini anaulizwa hivyo. Akatabasamu. "Unga wowote, mama. Muhimu usisahau chumvi."

"Chumvi nilikuwa nayo," jirani akasema.